Kabla ya kununua pipa la pili, mtafute wa kuchukua kitakachojaa ndani yake

Mapipa mawili tuliyonunua ya kutenganishia taka bado yapo. La kijani linakinga maji ya mvua, na kwenye lile jekundu keateka, mtunza jengo letu, anaosha matambara yake. Yalitugharimu shilingi elfu sita, pesa za michango ya wapangaji, na mimi ndiye niliyezunguka mlango kwa mlango nikiwasihi watoe. Kwa hiyo ushauri ninaoutoa hapa nimeulipia, tena kwa aibu.

Ploti yetu, jengo la kupanga, iko mtaa wa Umoja, Nairobi: orofa tano, nyumba 32. Jaa la Dandora, dampo kuu la jiji, likiwaka na upepo ukielekea kwetu, unafunga madirisha hata kama ndani kuna joto la kupikia. Basi ilipotoka ile Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022, inayotaka taka za kuoza zitenganishwe na zisizooza, mimi kama mwenyekiti wa wapangaji nikachangamka. Nikaitisha mkutano langoni Jumapili jioni, nikabandika karatasi ukutani: kijani maganda, nyekundu chupa na mengineyo. Watu walitii kuliko nilivyotarajia. Mama mmoja wa orofa ya nne alikuwa akishuka asubuhi na ndoo mbili, moja kila mkono, kama anayekwenda kisimani.

Wiki ya tatu, siku ya Alhamisi, sikwenda kazini. Vijana wa taka wakaja. Wa kwanza akainua pipa la kijani, akalimwaga kwenye lori. Wa pili akainua jekundu, akalimwaga juu yake. Nikateremka ngazi na kandambili zangu.

"Sasa kijana wangu, mnachanganya tena?"

Akanitazama kwa huruma. "Mzee, lori ni moja."

Sikuwa na jibu. Kila nyumba huwalipa shilingi 200 kwa mwezi, na safari yao huishia Dandora, mahali pasipo na mlango wa maganda na mlango wa chupa. Jaa lile lilianza miaka ya 1970 kwenye mashimo ya machimbo ya mawe, likatangazwa kuwa limejaa mwaka 2001, na hadi leo ndiko tunakopeleka. Nairobi hutoa zaidi ya tani 2,000 za taka kwa siku, na zaidi ya nusu ni za kuoza. Maganda yakizikwa chini ya plastiki pasipo hewa hutoa methani, gesi ambayo kwa kipimo cha miaka 100 hupasha dunia joto zaidi ya mara 25 ya kaboni dayoksaidi. Na si suala la hewa ya mbali tu. Mwaka 2007 shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, lenye makao yake hapa hapa Gigiri, lilidhamini uchunguzi wa watoto 328 waishio karibu na jaa. Nusu yao walikutwa na madini ya risasi kwenye damu kupita kiwango kilichokubalika.

Kosa langu lilikuwa hili: nilianza na chombo. Na nikitazama miradi mingi ya mji huu naona kosa lile lile, mapipa ya rangi rangi yanazinduliwa kwa hotuba na picha, halafu mwezi wa pili yamejaa kila kitu. Linganisha na marufuku ya karatasi za nailoni ya tarehe 28 Agosti 2017. Faini ilikuwa hadi milioni 4, au kifungo cha hadi miaka 4, na wengi husema tuliogopa jela tu. Tuliogopa, ndiyo. Lakini haikupita muda kila duka likawa linauza mfuko mwingine, na mama mboga akajua atakufungia sukuma wiki kwa kitu gani. Kila mtu alikuwa na pa kukanyagia kesho yake. Sisi wa maganda hatukuwa napo.

Wapo wanaosema tuige Kigali. Rwanda ilituacha mbali, mifuko ya plastiki iliipiga marufuku tangu 2008, na Jumamosi ya mwisho ya mwezi watu wote hutoka umuganda, kazi ya pamoja ya usafi wa mtaa. Mimi naipenda Kigali. Ila umuganda una viongozi wa mtaa wanaojua nani amekuja na nani amelala. Ploti ya Umoja ina mwenyekiti mwenye kandambili.

Mara ya pili nilianzia mwisho wa safari. Kabla ya kumwambia mpangaji yeyote lolote, nilitafuta nani anataka nini.

Taka kavu zilikuwa rahisi. Chupa za maji, mitungi ya mafuta ya kupikia, maboksi na vyuma vina wanunuzi wanaopima kwa kilo kila mtaa. Bei hupanda na kushuka, hivyo usipige hesabu ya utajiri. Tulichokubaliana ni kwamba pesa zote ni za keateka, na hapo mambo yakageuka. Yeye sasa ndiye mkali wa kutenganisha kuliko mimi. Ukitupa chupa ndani ya mchuzi atakugongea mlango.

Maganda na mabaki ndiyo yaliyonitoa jasho. Nilimpata mfugaji wa nguruwe kutoka Ruai anayepitia barabara yetu na pikapu alfajiri mara tatu kwa wiki. Akasema ndoo chache hazimlipi mafuta, kwa hiyo nikazungumza na wenyeviti wa ploti nne jirani tukaungana. Siku ya kwanza alifika, akafungua ndoo yetu, akaimwaga chini mbele yangu bila kusema neno. Akaokota kijiti akaanza kunionyesha: vijiti vya meno, wembe, kipande cha nepi kimejificha ndani ya ukoko wa ugali. "Nguruwe si pipa, mwenyekiti." Akaondoka. Nilizoa mimi mwenyewe.

Baada ya hapo kila nyumba ilipewa ndoo ndogo yenye kifuniko, ya lita tano. Ndogo kwa makusudi: kubwa hukaa siku nne jikoni ikatoa funza, na mama akiona funza mara moja mradi umekufa kwake. Ndoo ndogo inakulazimisha kushuka kila jioni, na kilicho ndani unakiona hadi chini. Wembe hauna pa kujificha. Mfugaji alirudi baada ya wiki mbili za kubembelezwa. Tulikubaliana pia kwamba mabaki yenye nyama anayachemsha kwanza, maana magonjwa ya nguruwe husafiri kwa chakula kibichi.

Asichokitaka yeye, kama maganda ya machungwa, chai iliyochujwa na mabua ya sukuma, tunaozesha juu ya paa. Hapa watu wengi hushindwa kwa sababu ya harufu, na harufu ni dalili kwamba umezidisha maji maji. Chukua vumbi la mbao kwa fundi wa vitanda, sisi tunalipata bure kando ya barabara ya Outer Ring, kisha kila ndoo moja ya maganda uifunike kwa ndoo mbili za vumbi au majani makavu. Kataa vumbi la mbao zilizopakwa dawa. Geuza kwa jembe mara moja kwa wiki. Ukiingiza mkono katikati ukasikia joto, inakwenda sawa. Ikipoa ingali mbichi, iongezee maganda na maji kidogo. Baada ya miezi mitatu hivi utapata udongo mweusi unaonukia kama msitu baada ya mvua. Wetu unaingia kwenye magunia ya sukuma wiki, kilimo ambacho watu wa Kibera walikizoea zamani sana. Kama mtaani kwenu kuna wanaofuga funza wa nzi askari mweusi kwa chakula cha kuku, waulize pia. Hao huchukua hata vile ambavyo nguruwe hali.

Kuhusu wale vijana wa lori, usigombane nao. Nilichofanya ni kukaa nao chini na kuwaambia mzigo wao sasa umepungua karibu nusu, je, wanaweza kuja mara moja kwa wiki badala ya mbili kwa malipo yale yale? Walikubali kabla sijamaliza. Jambo moja tu, omba kuona leseni ya NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, kwa sababu kila anayesafirisha taka anatakiwa kuwa nayo, na asiye nayo mara nyingi humwaga mtoni usiku. Na kaunti ikiitisha vikao vya umma vya bajeti, nenda. Kifungu cha 42 cha Katiba kinakupa haki ya mazingira safi, lakini mezani omba kitu kimoja kinachohesabika. Mimi niliomba lori la taka za sokoni Mutindwa lenye siku yake peke yake. Mwaka wa kwanza waliandika tu. Mwaka huu nitarudi na karatasi ile ile.

Nepi sijapata dawa yake. Hakuna anayezinunua, hakuna mnyama anayezila, na kwenye ploti yetu kuna watoto kumi na mmoja walio chini ya miaka miwili. Zinakwenda Dandora. Na nyumba namba 14 bado inatupa kila kitu pamoja. Keateka huwa anasubiri wapande ngazi, kisha anaifungua mifuko yao na kutoa chupa zake.