Barua kwa mwanangu: hasira za baba yako, na zako

Mwanangu,

Marahaba. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mpaka mwisho, pamoja na pale uliponyamaza nikadhani umekatika. Umeniambia umeipiga simu ya mkeo ukutani kwa sababu ya wali uliopoa, na mtoto akakimbilia uvunguni mwa kitanda. Halafu ukaniuliza: "Mama, hivi mimi nimeshakuwa kama baba? Na dawa yake ipo?" Nimeona nikuandikie, maana kwa simu tungeishia kulia tu.

Nianze na baba yako. Watafiti waliowalinganisha mapacha wameona kwamba wepesi wa kuwaka, kwa sehemu, mtu huzaliwa nao. Basi hilo kwake, Mungu amrehemu, huenda umelichukua. Lakini hebu na mimi nikuulize. Trafiki akikusimamisha na kukuandikia faini, unamwita afande, na sauti yako inalainika kama mlenda. Tajiri akikufokea kwa hesabu pungufu unajibu "sawa bosi". Hasira unayo wakati huo, tena kubwa kuliko ya wali, na unatoka nayo Kariakoo mpaka Mbagala, foleni yote ile, abiria wanakutukana, konda anakuibia, usimguse mtu. Anayekuja kuipokea ni mwanamke aliyekaa akikusubiri ule.

Baba yako naye alikuwa hivyo hivyo. Alivunja chupa za chai, sahani, mpaka kioo cha kabati nililopewa na marehemu mama. Redio yake haikupata hata mkwaruzo. Watu wakisema "akikasirika hajioni", mimi nikiitazama ile redio nacheka kimoyomoyo. Asiyejiona ameijuaje redio yake?

Sisemi hivi nikusute. Nataka ulione jambo ambalo wewe mwenyewe hulioni: uwezo wa kujizuia unao, na unautumia kila siku kuanzia saa kumi alfajiri. Kulipuka nyumbani hukuzaliwa nako. Ulikuona kwetu ukiwa mdogo, ukajua kwamba nyumbani ndipo mahali ambapo mwanamume haulizwi.

Ila nisikuonee. Wapo watu ambao kweli linawashinda, na nimewahudumia wodini miaka yangu yote ya uuguzi. Hao hulipuka popote, hata mbele ya bosi na polisi, wakapoteza kazi, kisha wakabaki wanatetemeka na kujuta. Mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani wa mwaka 2013 unaitambua hali hiyo kuwa ni ugonjwa, na Shirika la Afya Duniani limeuweka kwenye orodha yake. Kinachoangaliwa ni kiasi: milipuko ya matusi na kelele wastani wa mara 2 kwa wiki kwa miezi 3, au kuvunja vitu ama kujeruhi mara 3 ndani ya miezi 12, bila kupanga, kwa jambo ambalo halilingani kabisa na mlipuko wenyewe. Jihesabie mwenyewe, na umwombe mkeo ahesabu pia, kwa sababu hesabu zenu hazitafanana, na ya kwake ndiyo itakuwa sahihi.

Kwa hiyo nenda ukaonwe. Muhimbili kuna idara ya afya ya akili, na huhitaji kuwa umevua nguo barabarani ndipo uende. Najua ukisikia daktari wa akili unafikiria Mirembe, hospitali ya vichaa kama wanavyoiita, na maneno ya kijiweni. Waache waseme. Mweleze daktari kuhusu ile ajali ya bodaboda uliyozimia, kwa sababu jeraha la kichwa linaweza kumbadilisha mtu tabia. Mweleze usingizi wako ukoje, na mirungi (unadhani sijui?), na kama kuna siku unaona maisha hayana maana, maana kwa wanaume wengi sonona hujitokeza kama ukali badala ya machozi. Tiba ya mazungumzo ipo. Dawa pia zipo. Fluoxetine, ambayo wengi huijua kwa sonona, imewapunguzia baadhi ya wagonjwa milipuko. Lakini hiyo aandike daktari, usiende kuiulizia duka la dawa.

Bibi yako alisema baba yako ana jini. Tukaenda, akasomewa, akanywa kombe. Halikumdhuru, na dua sitaiacha, lakini chupa za chai ziliendelea kuvunjika. Kilichomtisha ni presha. Daktari alipomwambia mishipa yake imechoka, ndipo alipokubali kukaa na mimi tukazungumza kama watu. Na hakukosea kuogopa: utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1995 ulionyesha kuwa katika saa 2 baada ya mlipuko wa hasira, hatari ya mshtuko wa moyo huongezeka zaidi ya maradufu.

Tulikubaliana hivi. Akihisi zinapanda, avae kofia yake ya viua atoke. Kofia ikishakaa kichwani, hakuna wa kumuuliza aendako wala kumsindikiza mlangoni na neno la mwisho. Hilo lilikuwa sharti langu mimi, na lilinitesa, kwa kuwa neno la mwisho nalipenda. Sharti lake yeye lilikuwa kurudi kabla ya isha na kulimaliza jambo lenyewe, maana kurudi umenuna siku tatu nako ni kumwadhibu mtu. Zipo siku kofia ilichelewa. Lakini mdogo wako amekulia nyumba nyingine kabisa na ile uliyokulia wewe, muulize.

Lililofanya kofia isaidie ni kuvaliwa mapema. Hasira ikishashika mwili, moyo unakwenda mbio, adrenalini imejaa kwenye damu, hapo hata mimi na uuguzi wangu sina ushauri utakaousikia. Kuna dakika chache kabla ya hapo, na kila mtu ana dalili yake. Baba yako alikuwa anasonya. Wewe tangu darasa la pili unakuna shingo. Ukijikuta unakuna shingo, usianze sentensi nyingine: toka, tembea polepole, kaa pahala, vuta pumzi kwa pua na uitoe taratibu zaidi ya ulivyoivuta. Jipe nusu saa, tena bila kurudia rudia kichwani alichokwambia, kwa sababu ukikaa kwenye kibaraza unapanga majibu utarudi umechemka zaidi.

Na yule rafiki yako anayekushauri ununue gunia la kupiga ngumi ili zitoke, mwambie asante. Brad Bushman wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio alilijaribu hilo kwa wanafunzi: waliopiga gunia huku wakimfikiria aliyewaudhi walitoka na hasira zaidi kuliko waliokaa kimya. Mwaka 2024 yeye na mwenzake wakapitia tafiti 154, wakaona kinachopunguza hasira ni kile kinachoutuliza mwili, kukimbia hakusaidii. Nilipolisoma nilitabasamu. Kwetu tumefundishwa tangu madrasa kwamba aliyekasirika akiwa amesimama aketi, na zisipomtoka alale.

Mambo mengine ni madogo. Kula kabla hujafika nyumbani, hata chapati na chai ya kijiweni, kwani nusu ya ugomvi wako ni njaa. Mirungi acha. Na hesabu ya tajiri usiizungumze usiku.

Kuhusu mkeo, kuna kitu ulitaka nikisema nami sitakisema. Sitamwambia avumilie. Mimi niliambiwa "ndio wanaume" na kila aliyenizidi umri, na sikuona mmoja wao akija kuokota vigae. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inasema hakuna mwenye haki ya kumpiga mwenzi wake. Hujampiga, nimekusikia. Ila simu iliyopita karibu na kichwa chake yeye haihesabu kama simu. Siku mkono wako ukimfikia, atakayemsindikiza polisi, Dawati la Jinsia, ni mimi, na nitavaa baibui langu la Idi.

Mtoto usimnunulie pipi. Kaa naye chini umwambie, "Baba alikosea, na wewe hukufanya kosa lolote." Umri wake ule wanadhani kila kitu kimesababishwa na wao. Kisha usimuulize kama amekusamehe.

Shule zikifungwa mkeo na mtoto wanakuja huku Tanga wapumzike. Nimeshazungumza naye, nauli nimetuma kwenye simu ya dada yake. Usipige usiku, na usimuulize anarudi lini. Muhimbili uwe umeshakwenda kabla hawajapanda basi, na kadi ya kliniki unipigie picha unitumie.

Mama yako