Diski ya nje ikikosa nguvu

SWALI: Habari zenu, mafundi. Diski yangu ya nje ya inchi 2.5 nikiichomeka kwenye laptopu ya zamani inalia tik-tik-tik, taa inawaka, kisha inapotea. Kwenye kompyuta ya ofisini haina shida. Nimeambiwa nikate kebo, waya mwekundu na mweusi niuunge kwenye chaja ya simu. Ni salama?
Msomaji, Mwanza

JIBU: Nzuri, ndugu. Maadamu kwingine inafanya kazi, shuku umeme kwanza. Tundu la USB 2.0 lina kikomo cha miliampea 500, la USB 3.0 miliampea 900. Diski ikishazunguka huridhika na hizo, lakini mota inapoanza tu inaweza kuvuta ampea 1 hivi. Volti inashuka, mota inakata, inajaribu tena; ndiyo hiyo tik-tik. Ichomoe mara moja, maana umeme ukikatika diski ikiwa inaandika, mafaili yanaharibika.

Ulichoambiwa ni kweli nusu. Ukiunga mwekundu wa chaja huku wa laptopu haujakatwa, unakutanisha vyanzo viwili visivyolingana: chenye volti 5.1 kinasukuma umeme kwenye chenye 4.9, na laptopu ikizimwa umeme wa chaja unaingia kinyumenyume kupitia tundu. Bodi inaweza kuungua. Ukikata mweusi wa laptopu nao, nyaya za data, wa kijani na mweupe, zinakosa sifuri ya pamoja ya kupimia volti, na diski haitambuliki. Kwa hiyo mwekundu wa laptopu ukatwe na ncha yake izibwe kwa utepe, wa chaja ndio ulishe diski, na nyeusi zote ziungane. Pima kwa maltimita (kipima umeme) kabla ya kuunga, kwa sababu rangi za kebo za bei poa hazitabiriki.

Kazi hiyo ni ya kebo ya USB 2.0 tu. Ya 3.0 ina jozi za ziada za data zenye kinga. Ukiziunga kwa mkono, mawasiliano yanavurugika. Sisi tunakushauri ununue habu ya USB (kifaa kinachogawa tundu moja kuwa kadhaa) yenye adapta yake ya volti 5, ampea 2 au zaidi. Kabla ya kuiunganisha na laptopu, washa adapta, kisha pima pini mbili za pembeni kwenye kichwa kinachoingia kwenye laptopu. Ukisoma volti 5, habu hiyo inarudisha umeme, irudishe dukani.

Kebo nayo iwe fupi na nene. Waya namba 28 (kipimo cha AWG; namba ikiwa ndogo, waya ni mnene zaidi) wa mita 1 hupoteza karibu volti 0.4 ukipitisha ampea 1, kwenda na kurudi. Namba 24 haufikishi 0.2.

Kuwasha, anza na adapta ndipo laptopu. Kumaliza, toa diski kwa programu, chomoa kebo ya data, mwisho adapta. Na umeme wa ukutani ukikatika, laptopu itaendelea kwa betri ilhali diski imezimika papo hapo, kwa hiyo adapta ikae kwenye UPS, yaani kifaa chenye betri ya akiba. Pawabenki usiitegemee: nyingi hujizima diski inapotulia na kuvuta umeme kidogo.

SWALI: Habu ya namna hiyo inaweza kuendesha diski ya inchi 3.5 niliyotoa kwenye kompyuta ya mezani?
Msomaji, Nakuru

JIBU: Hapana. Mota yake inataka volti 12, na habu inatoa 5. Tafuta kasha la inchi 3.5 lenye adapta yake ya volti 12, ampea 2.