Kiuno Kikiuma, Usilale: Tembea

Kiuno kikianza kukuuma hapa Nairobi, washauri hawakosi. Jirani atakutuma kwa mtu wa kukanda, wa duka la dawa atataka kukudunga sindano ya diklofenaki, dawa ya kutuliza maumivu, na mwenzako kazini ataapa kwamba bila MRI, kile kipimo cha picha za ndani ya mwili, hutapona. Mimi ni fundi wa nguo, nashinda kwenye cherehani tangu asubuhi, na kiuno nimeishi nacho miaka mingi. Anayeniuliza humwambia kwanza atembee.

Siyo maneno yangu tu. Mwaka 2024 ulichapishwa utafiti wa Australia uliofuata watu 701 ambao maumivu yao ya kiuno yalikuwa yamepoa. Nusu ya waliopewa mpango wa kutembea walipita siku 208 kabla ya kuumwa tena. Kwa wale ambao hawakupewa mpango huo, zilikuwa 112. Na kutembea hakuna bei. Mimi hushuka matatu kabla ya stendi yangu nikamalizia kwa miguu, na Jumapili, nikipata nafasi, naenda Arboretum, ile bustani ya miti.

Zoezi alilonifundisha mtaalamu wa fiziotherapia nalifanya kwenye mkeka kabla ya chai. Nalala chali, nakunja magoti, nyayo zikigusa sakafu. Nabana makalio na kuinua nyonga polepole mpaka mwili unyooke kutoka mabegani hadi magotini, nahesabu hadi tano, kisha nashuka taratibu. Pumzi usiibane. Kuuma kidogo mwanzoni kusikutishe, ila maumivu yakianza kuteremka mguuni, punguza na umwambie mtaalamu wako. Kulala kitandani siku nzima ndiko kunakokaza misuli.

Kukandwa hutuliza, sikatai. Dawa kama ibuprofeni husaidia kwa siku chache, lakini mwenye vidonda vya tumbo, presha au figo dhaifu amwone daktari kwanza. Ile mikanda mipana ya kiunoni, iache dukani: mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Desemba 2023 hauipendekezi kwa maumivu sugu ya kiuno.

MRI nayo ni maelfu ya shilingi, na mara nyingi huleta hofu kuliko jibu. Hata kati ya watu wasioumwa popote, diski iliyovimba, yaani kile kito laini kilicho kati ya pingili za mgongo, huonekana kwa takriban asilimia 30 ya wenye miaka 20 na asilimia 84 ya wenye miaka 80. Ukisoma kwenye ripoti kwamba diski imetokeza, usidhani mgongo umevunjika. Maumivu mapya mengi hupungua ndani ya wiki chache bila kipimo chochote.

Lakini yapo maumivu ya kuogopa. Ukiwa na homa, jasho la usiku, au unakonda bila sababu, nenda ukapimwe, kwa sababu kifua kikuu huweza kuingia kwenye uti wa mgongo. Vivyo hivyo ukiwa umeanguka vibaya au umewahi kuugua saratani. Na ukihisi ganzi sehemu za siri na kati ya mapaja, mkojo ukakataa kutoka au ukatoka wenyewe, au miguu ikalegea, nenda hospitali kubwa saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane. Hapo neva zimebanwa, huenda ukahitaji upasuaji wa haraka, na kuchelewa kunaweza kukuachia ulemavu wa kudumu.