Kustaafu Kunaanza na Mshahara wa Kwanza

Wiki iliyopita riba ya hatifungani yangu (bondi, yaani hela niliyoikopesha serikali) iliingia benki, shilingi 774,500, na jioni yake nikakuta ujumbe wa binti mmoja anayenisoma. "Shikamoo mama. Nina miaka 27, nipo kiwandani, nakatwa NSSF, ule mfuko wa pensheni. Nikishalipa kodi ya chumba, nauli na kumtumia mama kijijini, sibakiwi na kitu. Wewe ulianzaje mpaka umestaafu hausumbuki?"

Marahaba mwanangu. Nakujibu hapa mbele ya wenzako, maana najua mko wengi mnaotaka kujenga, kusomesha watoto shule ya maana, na kuzeeka bila kumpigia mtu simu ya kuomba unga.

Nilianza ukarani mwaka 1993, kampuni moja ya watu binafsi hapa Dar es Salaam. Mshahara tulipewa kwenye bahasha, na ndani ya bahasha kuna kikaratasi cha makato. Wenzangu walikuwa wanakitupa getini. Mimi nilikuwa navitunza vyote ndani ya mkebe wa biskuti, kwa sababu marehemu baba, aliyefanya kazi bandarini, aliniambia karatasi yoyote yenye jina lako na hela usiitupe. Mwaka 2001 nikaenda NSSF kuomba taarifa ya michango. Yule mama wa dirishani akanichapishia, akanisogezea, akanyamaza. Safu ya miezi ilikuwa na mapengo kama mdomo wa mtoto wa miaka sita. Kuna mwaka ulikuwa na miezi minne tu. Mwingine haukuwa na hata mmoja. Nikafungua mkebe wangu pale pale kaunta: kila mwezi uliokosekana, kikaratasi kinasema nimekatwa.

Walikuwa wanatukata na hawapeleki.

Nilirudi ofisini na nakala, nikaenda kwa mhasibu, nikaenda kwa bosi mwenyewe. Niliambiwa nina mdomo. Kwa kusukumwa sana walilipa baadhi ya miezi, mingine hawakulipa mpaka kampuni ikafungwa. Ni zamani, lakini siwezi kusema nimesahau, kwa sababu pensheni ninayopokea leo inahesabiwa kwa idadi ya miezi uliyochangia. Kila mwezi walioula ni hela inayokosekana kwangu leo, na keshokutwa, na mpaka siku nitakayozikwa. Kuna wenzangu wa kampuni ile hawakufikisha hata ile miezi 180 inayotakiwa ndipo upewe pensheni ya kila mwezi. Walifanya kazi kwa jasho, wakaondoka na mkupuo, hela ya kulipwa mara moja, mdogo wa kuisha haraka.

Kwa hiyo binti yangu, kabla hujaniuliza habari za kuwekeza, kachukue taarifa yako ya michango. Siku hizi unaipata kwenye simu. Mchango ni asilimia 20 ya mshahara wako, na mwajiri haruhusiwi kukukata wewe zaidi ya nusu yake, nusu nyingine anatoa yeye. Ukiona pengo, lalamika ungali kazini na kampuni ingali ipo. Usione aibu kuitwa mwenye mdomo. Na wewe mama lishe, fundi cherehani, dereva wa bodaboda, usidhani haya ni ya walioajiriwa tu. Unaweza kujiandikisha na kuchangia mwenyewe.

Mwaka 2005 UTT, taasisi ya serikali inayokusanya hela za watu wengi na kuziwekeza pamoja, walifungua Mfuko wa Umoja, nikanunua vipande, yaani sehemu za mfuko huo. Vilikuwa vichache mno, na dada mmoja wa ofisini alinicheka akasema hela hiyo si ningeshonea nguo ya harusi. Nikaendelea, mwezi huu kidogo, mwezi ule kidogo zaidi. Mwaka 2009 benki ya CRDB walipouza hisa kwa umma kwa shilingi 150, nikachukua. Ilipanda, watu wakanisifu. Ikaporomoka, 2019 ikawa karibu na shilingi 100, wote walionisifu wakawa wanaulizana kwa sauti nisikie, yule mama na hisa zake vipi? Sikuuza hata moja. Mwaka 2024 bei ilipita 600, na gawio, ile faida wanayogawiwa wenye hisa, lililolipwa mwaka huo lilikuwa shilingi 50 kwa hisa. Hebu piga hesabu: kitu nilichokinunua 150, kimenilipa 50 ndani ya mwaka mmoja na bado ni changu. Nasema hili kwa fahari na sitaomba radhi.

Miaka ya katikati sina la kusimulia. Nililea, nilisomesha, nilinunua kiwanja Chanika kikiwa pori, nikakiuza mji ulipofika. Hela ile ndiyo niliyonunulia hatifungani ya serikali ya miaka 20 mwaka 2020. Riba yake ni asilimia 15.49 kwa mwaka, inalipwa mara mbili. Nilichukua ya milioni 10, kwa hiyo kila baada ya miezi sita naingiziwa zile 774,500 mpaka mwaka 2040, na mwisho narudishiwa milioni 10 zangu. Niliwaambia ndugu na jamaa wa karibu waje tuchukue. Hatifungani unaanza hata na milioni moja, unapitia benki au dalali wa soko la hisa. Wakasema serikali haiaminiki, wakapeleka hela kwenye vitu vya kuvuna ndani ya wiki mbili. Mwaka 2022 riba za hatifungani mpya zikashushwa, hiyo ya miaka 20 ikawa asilimia 12 na ushei. Ndipo simu zikaanza: eti ile bondi yako inanunuliwaje? Hata hiyo ilikuwa nzuri, na niliwashauri waichukue. Ila aliyesubiri amepishana na ile ya kwangu.

Binti, unasema hubakiwi na kitu. Hakuna anayebakiwa. Akiba haitoki kwenye kilichobaki, inatoka kwanza, ndipo kodi, ndipo nauli. Hata elfu kumi. Nami nilikuwa na mama kijijini, na mwezi niliomtumia kidogo alielewa. Matunda yake ni kwamba leo simrushii mzigo wangu mtoto wangu.

Chukua mfano wa shilingi 50,000 kila mwezi, kwenye mfuko unaokua kwa asilimia 10 kwa mwaka, na faida huigusi. Aliyeanza na miaka 25, akifika 55 ana kama milioni 113. Aliyeanza na 35 ana milioni 38. Aliyeanza na 45 ana milioni 10 na kidogo. Huyo wa kwanza ametoa mfukoni mwake milioni 18 tu, huyo wa mwisho ametoa 6. Tofauti kubwa iliyobaki imeletwa na miaka. Ni kweli milioni 113 za wakati huo hazitanunua zinachonunua leo, vitu vinapanda. Ndiyo maana mshahara ukiongezwa, na wewe ongeza unachoweka. Usiongeze kingʼamuzi na sofa.

Ukishazaa, fungua Mfuko wa Watoto kwa jina la mtoto. Ada ya sekondari haiji ghafla, unaijua tangu siku anazaliwa. Asiyejiandaa anaishia kwenye mikopo ya kausha damu, na mikopo ile imebomoa nyumba za watu ninaowafahamu, mke kukimbia mji, televisheni kubebwa watoto wakiangalia.

Vikoba na michezo ya upatu ya wanawake sivikatai. Nilikuwa mwanachama na nilikuwa mweka hazina. Lakini kikoba kinavunjwa Desemba, na Januari hela imeisha kwa sare na vyombo. Ni cha kusaidia msiba, ugonjwa, mtaji mdogo wa biashara. Uzee wa miaka ishirini hauwezi kutunzwa na hela inayogawanywa kila mwaka. Mkivunja, nusu ya fungu lako ipeleke kwenye vipande siku hiyo hiyo kabla hujafika nyumbani.

Ukifika miaka ya 40 na nyumba bado, jenga, lakini jenga ya kuishi. Nimeona watu wakimalizia ghorofa kwa mkopo wa mshahara wakiwa na miaka 56, wakastaafu wakiwa na vyumba sita na hawana hela ya dawa ya presha. Watoto wameondoka, vyumba vimejaa magunia.

Nami nilistaafu kwa hiari mwaka 2023, nikiwa na miaka 55. Mjadala wa kikokotoo, kanuni ya kupigia hesabu mafao ya mstaafu, mliusikia wote. Sisi wa NSSF mkupuo wetu, fungu la mafao unalopewa mara moja ukistaafu, ulikuwa asilimia 25, mwaka 2022 ukawa 33, na 2024 ukapandishwa hadi 35. Watumishi wa umma waliokuwa wamezoea 50 waliumia, na wana haki ya kuumia, kwa sababu mtu alishapanga maisha yake kwa ahadi nyingine. Lakini nawaambia nilichokiona kwa macho yangu: mkupuo ndio unaomalizika, pensheni ya kila mwezi ndiyo inayomlisha mzee. Na ukiwa na riba ya bondi na gawio juu yake, unakaa kwa heshima mbele ya wakwe zako.

Mkupuo ukiingia, usimwambie mtu kiasi. Hata mchungaji wako, hata shemeji yako mpendwa. Kaa miezi sita hujanunua kitu. Iweke kwenye Mfuko wa Ukwasi wa UTT, ambako inaendelea kukua na ukiihitaji unaitoa ndani ya siku chache. Mfanyakazi mwenzangu mmoja alipokea kiinua mgongo Ijumaa, Jumatatu alikuwa na daladala. Hajawahi kuendesha biashara ya magari maisha yake yote. Dereva akawa anamletea hesabu pungufu, mara gia boksi, mara faini, na ndani ya mwaka gari likalala juu ya mawe uani kwake. Nilimwambia mapema, akaniona namwonea wivu.

Kama una miaka 50 leo na hujaanza, acha kujilaumu. Una miaka mitano mpaka kumi ya mshahara. Maliza mikopo kwanza, usichukue mipya, kila bonasi na kila posho ya safari ipeleke kwenye bondi au vipande. Na andika mrithi kwenye kila akaunti, jina kamili kama lilivyo kwenye kitambulisho chake cha NIDA. Nimesindikiza wajane wawili kwenye ofisi za mafao, mmoja wao alizungushwa kwa sababu jina la cheti cha ndoa na la kitambulisho yalipishana herufi moja.