Usiuze Spika Ununue Kadi

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni DJ wa harusi na sendofu hapa Morogoro, mwaka wa tatu huu. Kumiksi audio sina shida, ila tangu nianze kumiksi video nimekuwa mtu wa kuaibika. Video moja ikicheza peke yake iko sawa. Nikiingiza ya pili tu, picha kwenye projekta inakwamakwama, mdomo wa msanii unaachana na sauti, na feni inalia kama mashine ya kusaga. Laptopu yangu ni Core i5 kizazi cha 6, RAM GB 8, kadi ya grafiki NVIDIA GeForce 940MX ya GB 2, Windows 10. Fundi mmoja ameniambia kadi ni ndogo na haibadilishwi, ninunue mashine nyingine. Nimeshapata mteja wa spika zangu mbili, anakuja Jumamosi. Nifanyeje?
DJ wa Harusi, Morogoro

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Mpigie huyo mteja umwambie spika haziuzwi.

Huyo fundi amesema kweli nusu. Kadi ya laptopu kama yako imechomewa kwenye bodi, haibanduki. Lakini kuchanganya video mbili za 720, yaani picha ya nukta 1280 kwa 720, si mzigo wa kuishinda 940MX. Wasiwasi wangu ni kwamba hiyo kadi unayoilaumu huenda haijakufanyia kazi hata harusi moja.

Humo ndani mna kadi mbili. Moja ni ya Intel, imo humohumo kwenye prosesa. Ya pili ndiyo hiyo NVIDIA. Windows inaamua programu gani iende kadi gani, na kwa kuwa inapenda kubana umeme, mara nyingi programu ya DJ inaitupia Intel. Ingia kwenye mipangilio ya Windows, upande wa skrini, shuka mpaka chini utaona mipangilio ya grafiki. Imo tangu Windows 10 ya mwaka 2018. Ongeza programu yako ya kumiksi, ichagulie “High performance”, kisha uifunge na kuifungua upya. Wengi hawaifungi, halafu wananiandikia kwamba nimewadanganya.

Usiniamini bila kuona. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, nenda kwenye Performance, utazikuta GPU 0 na GPU 1, ndizo kadi zako mbili. Cheza video mbili, weka fader katikati, utazame kwa nusu dakika. Grafu ya 3D upande wa NVIDIA inapaswa kupanda. Iangalie na ile ya Video Decode, yaani kazi ya kufumbua video. Ikipanda upande wa Intel usishtuke, Intel anaiweza hiyo kazi. Shida ni pale inapokaa sifuri pande zote huku CPU, yaani prosesa, inagusa asilimia 100. Maana yake prosesa inafumbua kila fremu, yaani kila picha moja ya video, kwa nguvu zake yenyewe, na kadi zote mbili zimekaa zinatazama.

Kwa nini ikae sifuri? Pengine ndani ya programu yako umezima msaada wa kadi. Pekua mipangilio ya video uuwashe. Kama umewashwa, basi tuje kwa mshukiwa wangu namba moja, ambaye wala si kompyuta. Ni video zenyewe.

Folda ya DJ naijua, nimekuwa nayo mwenyewe. Kuna za kupewa kwenye flashi, kuna za kushusha mtandaoni, kuna zilizotolewa kwenye DVD za kale. Hii ni 4K, ile ni 1080, nyingine imebanwa kwa VP9, nyingine kwa H.264, ambazo ni namna mbili za kubana video. Intel ya kizazi cha 6 inatafuna H.264 bila jasho, lakini VP9 ilikuja kupokelewa vizuri na kizazi cha 7. Halafu piga hesabu: fremu moja ya 1080 ina nukta 2,073,600, ya 720 ina 921,600. Unaibebesha mashine mzigo mara mbili na robo, wakati projekta nyingi za kukodi nilizokutana nazo kumbini zilikuwa za 1280 kwa 800 au 1024 kwa 768. Hizo nukta za ziada hakuna mgeni anayeziona.

Lakini linalokukwamisha hasa ukiingiza wimbo wa pili nadhani ni hili. Video haihifadhi picha nzima kila mara. Inahifadhi moja kamili, kisha zinazofuata zinaandika tu kilichobadilika: mkono umesogea, gari limepita. Picha kamili nyingine inaweza kuja baada ya sekunde 10. Sasa wewe umeweka alama kwenye kiitikio, unaibonyeza. Kompyuta haiwezi kuruka moja kwa moja hadi pale. Inarudi nyuma mpaka kwenye picha kamili iliyopita, inafumbua fremu zote kuanzia hapo, kimyakimya, mpaka ifike ulipobonyeza. Na muda wote huo video ya kwanza bado inacheza. Ndiyo maana moja ikiwa peke yake huoni kosa.

Dawa yake ni kuzipika video upya. Chukua HandBrake, ni programu ya bure ya kubadilisha video. Chagua H.264, ukubwa 1280 kwa 720, fremu 25 kwa sekunde zisizobadilikabadilika, au 30 kama ndivyo video ilivyopigwa. Kwenye kisanduku cha maelekezo ya ziada andika keyint=25, hivyo kila fremu 25 utakuwa na picha kamili, na alama yako ikibonyezwa safari ya kurudi nyuma haizidi sekunde moja. Ukiweka megabiti 5 kwa sekunde, wimbo wa dakika 4 utakuwa na MB 150 hivi. Nyimbo 300 zitakula GB 45. Anza na 50 unazozipiga kila wiki, acha kompyuta ipike usiku kucha, asubuhi jaribu. Zile za mwanzo usizifute.

Ukimaliza hapo, kuna mambo ya ukumbini ambayo hakuna kadi itakayokusaidia.

Mimi yalinikuta kwenye harusi moja, miaka hiyo bado nabeba mashine usiku. Nimejaribu kila kitu saa 10 jioni, picha maji. Saa 3 usiku MC anaita keki, namiksi, picha ikaanza kuchechemea. Nikapunguza efekti, wapi. Nikazima na kuwasha programu mbele ya kamati nzima, wapi. Baadaye kijana wa taa ndiye aliyeinama chini ya meza: chaja imechomekwa vizuri kabisa, ila swichi ya soketi iko chini, imezimwa. Mtu alitaka kuchaji simu, akachezea swichi, akaondoka. Nilikuwa kwenye betri saa nzima, na laptopu ikiwa kwenye betri inaibania kadi umeme makusudi ili ifike mbali. Tangu siku ile nikifika ukumbini nabandika gundi ya karatasi juu ya swichi. Watu wananiuliza, nawaambia ni mila za kwetu.

La pili ni wapambaji. Wanatandika satini juu ya meza ya DJ, laptopu inazama humo kama mtoto kwenye kanga, matundu ya chini yamezibwa. Prosesa yako ikikaribia nyuzi 100 inapunguza mwendo yenyewe isiungue, na hiyo feni inayolia inakuambia joto limepanda. Weka vizibo vinne vya soda kwenye pembe, hewa ipite. Kisha mpe fundi unayemwamini aifungue, apulize vumbi, afute dawa iliyokauka kati ya prosesa na chuma cha kupozea, apake mpya. Mashine ya umri huo ambayo haijawahi kufunguliwa, mara nyingi hilo peke yake linarudisha sehemu ya nguvu uliyodhani imepotea.

Skrini ya projekta itandaze (“Extend”), usiirudufu (“Duplicate”), maana ukirudufu unazilazimisha zote mbili zifuate ukubwa mmoja. Na kama video zako nyingi ni za fremu 25, projekta ikikubali Hz 50, yaani kuonyesha picha mara 50 kwa sekunde, iweke hapo. Kwenye Hz 60 hesabu haigawanyiki, na picha inayopita polepole inaonekana kama inachechemea hata mashine iwe ya mamilioni.

Draiva za NVIDIA, yaani programu za kuiendeshea kadi, shusha kutoka kwao wenyewe, lakini Jumatatu. Kamwe si Ijumaa.

Pesa pekee ningekuruhusu utoe ni ya RAM. Kama GB 8 yako ni kijiti kimoja na bodi ina nafasi ya pili, ongeza kijiti kinachofanana. Kadi ya Intel haina kumbukumbu yake, inaazima RAM. Kama ni DDR4 ya 2133, kijiti kimoja kinapitisha GB 17 hivi kwa sekunde, viwili vinapitisha 34.

SWALI: Bwana asifiwe kaka. Kanisani kwetu Mbeya tuna kompyuta nyembamba ya ofisini, ile ya kulaza. Tunataka kuchanganya picha za kamera mbili na kurekodi ibada. Kijana wetu alinunua GTX 1060, haikuingia, na tumeambiwa hata ingeingia isingewaka. Sasa tununue ipi?
Dada wa Vyombo, Mbeya

JIBU: Amina dada yangu. Mmeambiwa kweli. Hiyo kadi ni ya kimo kamili, inataka wati 120 na waya wake wa umeme kutoka pawa saplai, na kasha jembamba kwa kawaida halina waya huo. Nafasi ya kadi kwenye bodi yenyewe inatoa wati 75 mwisho. Kwa hiyo tafuteni ya nusu kimo isiyotaka waya wa ziada. GT 1030 itawaingia, wati 30 tu, lakini haina kifaa cha kurekodi video ndani yake, hivyo kazi ya kurekodi itarudi kwa prosesa. Kama mfuko unaruhusu, GTX 1650 ya nusu kimo, wati 75, inachanganya picha na kurekodi pia. Angalieni sana, kuna matoleo yake yanayotaka waya. Pimeni na upana: nyingine zinachukua nafasi mbili, na kasha lenu linaweza kuwa na moja.

Mkishaifunga, waya wa projekta uchomekeni kwenye kadi, si kwenye tundu la zamani la bodi. Nimeshaitwa mpaka parokia moja kwa kosa hilo tu, nauli wakalipa wao.

SWALI: Fundi, nipo Kariakoo hapa dukani. Kadi ya GB 4 si ni bora kuliko ya GB 2?
Mteja Mwenye Haraka

JIBU: Si lazima. GT 730 ya GB 4 yenye DDR3, kumbukumbu ya mwendo wa polepole, itaachwa mbali na GTX 1050 ya GB 2. Hizo GB ni ukubwa wa meza ya jikoni, hazikuambii mpishi ana mkono mwepesi kiasi gani. Mwambie muuzaji akutajie jina la chipu kwanza. Akirudia “ni ya GB 4 bosi wangu”, geuza boksi usome mwenyewe.