Pancha za gurudumu la nyuma la baiskeli kila wiki

Ndugu, umebadilisha tyubu mbili za baiskeli yako, saizi 26 x 1.95, na bado gurudumu la nyuma linaishiwa upepo kati ya Tegeta na Posta, Dar es Salaam. Usinunue ya tatu kwanza. Tundu lenyewe litakuambia kosa liko wapi.

Ukivua tairi, kumbuka tyubu ilikaa upande gani. Ijaze upepo, izamishe majini. Matundu mawili yaliyokaribiana ubavuni maana yake ulipita shimo tairi likiwa laini, tyubu ikabanwa na ringi. Nyuma ndiko uzito uliko, hasa ukiwa na mzigo kwenye keria: jaza PSI 50 hivi (kipimo cha upepo kwenye pampu), ila usizidi kiwango kilichoandikwa ubavuni mwa tairi. Kubonyeza kwa kidole si kipimo.

Tundu likiwa upande wa ndani, unaoelekea ringi, kichwa cha spoku kinachoma. Kata ukanda wa tyubu kuukuu, uzungushe kwenye ringi ufunike vichwa hivyo.

Likiwa upande wa nje, unaogusa tairi, pima umbali wake kutoka kwenye valvu, kisha chunguza tairi mahali hapohapo. Mara nyingi ni kauzi ka waya ka tairi la lori lililopasuka, hakaonekani kwa macho. Pitisha pamba ndani, itanasa.

Kiraka nacho: piga msasa, paka solusheni (gundi ya viraka) nyembamba, subiri dakika 5 ikauke ndipo ubandike. Mafundi wa haraka hubandika ikiwa mbichi, kwa hiyo hubanduka. Na tairi lirudishe kwa mikono, si kwa bisibisi.