Kabla ya mkopo, tafuta karatasi

Juzi dada mmoja msomaji wangu kaniandikia. Mumewe amefariki, shemeji zake wamempa wiki mbili ahame, naye ananiuliza atapata wapi mkopo aanze upya. Nilishindwa kumjibu siku ile, maana alichoniandikia ni maisha ya mama yangu.

Baba alipofariki nilikuwa na miaka 14. Baba mdogo alikuja asubuhi na futi kamba, akaanza kupima kiwanja kuanzia mlangoni, mama kasimama na ndoo ya maji mkononi. Hakumsalimia. Nyumba ile mama aliichangia tofali kwa tofali, na ukoo mzima ulijua. Ila cheti cha ndoa hakikuwepo, na karatasi ya mauziano ilikuwa na jina la marehemu peke yake. Tukahama. Baba mdogo akinipigia simu hadi leo sipokei.

Miaka mingi niliamini tulikuwa maskini kwa kukosa pesa. Sivyo. Nyumba tulikuwa nayo. Kilichokosekana ni uthibitisho kwamba ni yetu. Mwaka 2008 tume ya kimataifa iliyoongozwa na Madeleine Albright, aliyewahi kuwa waziri wa mambo ya nje wa Marekani, na mchumi wa Peru Hernando de Soto, ambayo Rais mstaafu Benjamin Mkapa alikuwa mjumbe wake, ilieleza kwamba watu wapatao bilioni 4 wanaishi bila ulinzi wa sheria. Ilitaja haki mbele ya sheria, umiliki wa mali, haki za kazi na haki za kufanya biashara. Mama alikosa mbili za kwanza siku moja. Alipoanza kuuza barabarani bila kibali, bidhaa zake zikabebwa, akakosa na ya nne.

Mwaka jana nimepata hati ya kiwanja changu. Ina majina mawili, langu na la mke wangu. Nililia.

Jamani, andikisheni! Ndoa, kiwanja, biashara, mkataba wa kazi, vyote viwe na maandishi. Kuaminiana kwenu hakutasimama kizimbani.

Na wewe dada, kama usalama wako hauko hatarini, usihame. Tafuta msaada wa kisheria, fungua shauri la mirathi. Beba cheti cha kifo, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, risiti za saruji na mabati, na majina ya majirani waliokuona ukijenga. Wala usisaini karatasi yoyote ya shemeji zako, hata wakikuambia ni ya kupokea rambirambi.